Waosmani au Wamughal? Kwa anayetafuta dola ya kuandikia insha

Binti wa dada yangu anasoma sekondari huko Columbus, Ohio. Alinipigia saa tano usiku, mimi niko Tanga natafuta usingizi, kwao ndiyo kwanza saa kumi jioni. "Shikamoo mjomba." Akianza na shikamoo iliyonyooka namna ile najua kuna jambo. Mwalimu wao amewapa insha: watawala wa kati ya 1450 na 1750 walizipataje dola zao, na walizishikaje zisiwaponyoke? Kila mmoja achague dola moja aichambue, na ya pili ailinganishe nayo. Darasa zima, akasema, limekimbilia Waosmani. Na yeye afuate mkumbo?

Nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na insha za aina hii nimesahihisha hadi macho yameniuma. Tukalijadili kwa WhatsApp karibu wiki nzima. Nimeyakusanya hapa kwa yeyote mwenye kazi kama hiyo, au asiye na kazi yoyote ila anataka kujua aanze kusoma wapi. Washindani ni wawili: Waosmani, ambao wazee wa pwani wanawajua zaidi kwa jina la Dola ya Uthmaniya, na Wamughal wa Bara Hindi. Wachina wa nasaba ya Qing nitawagusa baadaye, kwa ufupi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Vita vya kuteka nchi vinafanana mno, havitakusaidia kuchagua. Angalia watu wawili waliokaa karibu na mtawala kuliko adui yeyote: mtumishi aliyekabidhiwa jeshi na hazina, na mtoto aliyekuwa akikingojea kiti. Hapo ndipo dola hizi zilipoachana njia, na hapo ndipo insha inapopata nyama.

Mwaka 1526, mara mbili

Tarehe 21 Aprili 1526, pale Panipat kaskazini mwa Delhi, Babur alipanga mikokoteni ipatayo 700, akaifunga pamoja kwa kamba za ngozi, akaweka mizinga na bunduki nyuma yake, kisha akamngoja Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi. Babur ameandika mwenyewe kwamba alikuwa na watu 12,000 na mwenzake 100,000 pamoja na tembo karibu 1,000. Hata ukiondoa chumvi aliyotia, alikuwa amezidiwa sana kwa idadi. Ilipofika adhuhuri Lodi alikuwa maiti uwanjani.

Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, Mohács nchini Hungaria, Sultani Suleiman aliwangoja wapanda farasi wa mfalme Louis wa Pili, naye akiwa na mizinga nyuma ya safu zake. Vita havikuchukua hata nusu siku. Mfalme alikufa maji akikimbia.

Mwanafunzi wangu yeyote angeandika kurasa nne juu ya siku hizo mbili, na zote zingekuwa sahihi, na zote zingesema neno moja: baruti. Tena Babur anakiri kwamba mikokoteni ile aliifunga kwa desturi ya Rumi, yaani ya Waosmani. Mbinu ni moja, imenakiliwa. Kwa hiyo sehemu ya "kupata dola" ukiijaza vita tu, hutakuwa na ulinganisho, utakuwa na picha moja umeichapa mara mbili.

Kuna jambo moja tu katika ushindi linalofaa kubebwa, nalo ni fedha. Fundi aliyemtengenezea Mehmed wa Pili mzinga mkubwa wa kubomolea kuta za Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1453, Orban kutoka Hungaria, alikuwa amekwenda kwanza kwa mfalme aliyekuwa ndani ya kuta hizo. Mfalme hakuwa na cha kumlipa. Mehmed alikuwa nacho. Mji ukaanguka tarehe 29 Mei baada ya mzingiro wa siku 53, sultani akiwa kijana wa miaka 21. Ukitaka sentensi ya kufungulia insha ya Waosmani, hiyo inatosha, kisha songa mbele.

Tofauti ya kweli iko kwenye kile kila mmoja alichorithi. Suleiman aliikuta dola yenye umri wa zaidi ya miaka 200. Babur alikuwa mgeni, tena mgeni asiyeipenda nchi aliyoiteka: analalamika kwamba Hindi haina barafu, haina tikiti tamu, haina mkate mzuri. Alikufa 1530. Mwanawe Humayun akaipoteza nchi yote kufikia 1540 kwa Sher Shah Suri, akakimbilia Uajemi, akarudi 1555, na mwaka uliofuata akateleza kwenye ngazi za maktaba yake akafa. Mwanawe Akbar akaachiwa kiti akiwa na miaka 13 na nchi ambayo nusu yake ilikuwa bado haijui kama imetekwa.

Nikamwambia mpwa wangu: swali likilalia upande wa kupata, chukua Waosmani, Konstantinopoli itakubeba. Likilalia upande wa kushika, Akbar ana kisa kizuri zaidi, kwa sababu alianza karibu na sifuri.

Mtumishi asiye na kwao

Koo kubwa za Kituruki zilizowapandisha Waosmani zilikuwa na nguvu ya kuwashusha pia. Ukoo wa Çandarlı ulitoa mawaziri wakuu kizazi baada ya kizazi. Halil Pasha wa ukoo huo alikuwa amempinga Mehmed juu ya kuzingira Konstantinopoli. Mji ulipoanguka, Halil aliuawa mwaka huohuo. Tangu hapo uwaziri mkuu ukaangukia zaidi kwa watu wa namna nyingine kabisa: watumwa wa sultani.

Watumwa hao walipatikana kwa devshirme, neno lenye maana ya kukusanya. Hapa ndipo darasa zima la mpwa wangu litakapopita, kwa hiyo ukipita na wewe, tazama kwa karibu kuliko wao. Ofisa anafika kijijini, tuseme Bosnia au Serbia. Padri anatoa daftari la ubatizo ili umri usifichwe. Wavulana wanapangwa. Mtoto wa pekee haguswi, aliyekwisha kuoa haguswi, na ndiyo maana baadhi ya wazazi waliwaozesha wavulana wao mapema. Wanaochaguliwa, kadiri ya mmoja kwa kaya arobaini, wanavishwa nguo nyekundu na kuanza safari ya miguu. Wanasilimishwa. Wengi wanapelekwa kwanza kwa wakulima wa Kituruki wajifunze lugha na kazi ngumu, kisha wanaingia yenicheri, jeshi la miguu la sultani. Wachache, wenye sura na akili za kupendeza, wanaingia shule ya ndani ya kasri la Topkapi, na huko ndiko walikotoka magavana na mawaziri.

Hebu mwangalie mmoja wao. Mtoto aliyechukuliwa karibu na Višegrad huko Bosnia alikuja kuwa Sokollu Mehmed Pasha, waziri mkuu tangu 1565 hadi alipouawa 1579, chini ya masultani watatu. Suleiman alipofariki kambini huko Szigetvár mwezi Septemba 1566, Sokollu ndiye aliyeificha habari kwa wiki kadhaa, jeshi likaendelea kupokea amri kana kwamba mzee yuko hemani mwake, hadi Selim wa Pili alipowahi kufika. Mtumwa aliishika dola mkononi mwake kama yai, akamkabidhi mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya mtumishi asiye na kwao: hana mjomba wa kumtafutia kiti.

Ila usiandike kwamba mizizi ilikatwa yote. Sokollu huyo alijenga daraja la mawe juu ya mto Drina kule kwao Višegrad, na kiti cha patriaki, yaani mkuu wa kanisa, wa Waserbia kiliporudishwa Peć mwaka 1557, aliyekikalia alikuwa jamaa yake. Damu nzito.

Yenicheri wenyewe walifungamana na sultani kwa chakula. Cheo cha kamanda wa kikosi kilikuwa chorbaji, mpika supu, na sufuria kubwa la kikosi lilitunzwa kama bendera. Wakilipindua, maana yake hawali tena cha sultani: wameasi. Mwaka 1622 walimwua Osman wa Pili, kijana ambaye hata miaka 18 hakuitimiza, baada ya kusikika kwamba anataka kuunda jeshi jingine mahali pao. Kufikia wakati huo walikuwa wameshaanza kuoa, kufungua maduka, kuandikisha watoto wao jeshini. Mtumishi asiye na kwao alikuwa ameshapata kwao. Ilibidi ifike 1826 ndipo Mahmud wa Pili alipoielekeza mizinga kwenye kambi yao na kumaliza kazi.

Mtumishi mwenye kwao

Akbar hangeweza kufanya hivyo hata angetaka. Wamughal walikuwa Waislamu wachache juu ya umma mkubwa wa Wahindu, na wakuu wa Rajput, koo za kivita za Kihindu, walikuwa na ngome, mashairi ya mababu, na wapanda farasi ambao hawakuhitaji kuitwa mara mbili kwenda vitani. Huwezi kukusanya watoto wa watu kama hao kwa daftari la ubatizo. Akawaoa. Mwaka 1562 alimwoa binti wa raja wa Amber, na ndugu za bibi harusi wakaingia kazini. Man Singh wa ukoo huohuo aliongoza jeshi la Mughal mwaka 1576 huko Haldighati dhidi ya Rana Pratap wa Mewar, Rajput mwenzake.

Asidhani mtu kwamba ilikuwa harusi na vigelegele tu. Chittor, ngome ya Mewar, ilipokataa kusujudu, Akbar aliiangusha mwaka 1568 na watu wake wakauawa kwa maelfu. Mlango wa ndoa uliachwa wazi, na kila mtu alikuwa ameona kilichoko nyuma ya mlango mwingine.

Waliokubali walipewa mansab, cheo kinachoandikwa kwa namba. Mwenye cheo cha 500, mwenye cheo cha 5,000. Namba moja ilipanga heshima na mshahara wake, ya pili ilisema alete wapanda farasi wangapi. Kila aliyewahi kufanya kazi ya kuhakiki watumishi atacheka hapa, kwa sababu wakuu walifanya kile kile ambacho ungedhani: siku ya ukaguzi wanaazima farasi kwa jirani, kesho yake wanawarudisha. Akbar akaamuru kila farasi apigwe chapa ya moto, na kila askari aandikwe sura yake, rangi na makovu. Watumishi hewa wa karne ya 16 walidhibitiwa kwa chuma cha moto.

Mshahara mara nyingi ulilipwa kwa jagir, yaani haki ya kukusanya kodi ya eneo fulani. Si ardhi yenyewe, ni kodi yake, na baada ya miaka michache unahamishiwa kwingine. Rajput aliachiwa nchi ya mababu zake, lakini kipato kikubwa alikipata kwenye maeneo ya mbali ambako hakuwa na ndugu wala kaburi. Ukifa, mali yako inarudi kwa mfalme, kisha yeye ndiye anayeamua wanao wapate kiasi gani. Ubaya wake aliuona daktari Mfaransa François Bernier aliyeishi huko karne ya 17: mtu anayejua atahamishwa mwaka kesho kutwa hana sababu ya kuchimba mfereji, anakamua ng'ombe hadi damu. Bernier alikuwa na yake dhidi ya watawala wa Asia, usimmeze mzimamzima, lakini hoja hiyo ina uzito.

Sasa weka sentensi hizi mbili jirani kwenye insha yako. Mosmani alimtenga mtumishi na kwao kabla hajamwajiri. Mughal alimwajiri pamoja na kwao, kisha akahakikisha hakai mahali pamoja akaota mizizi mipya. Ukiweza kueleza kwa nini kila mmoja alilazimika kwenda njia yake, umeshafika mahali ambapo wenzako hawatafika.

Kamba iliyokuwa ikinywea

Kodi ni sehemu ambayo wanafunzi huiruka, nami nawaelewa, lakini ina kitu kimoja kidogo ambacho sijawahi kukisahau. Mashamba ya Hindi yalipimwa kwa kamba ya katani. Kamba ikilowa umande hunywea, ikikauka hurefuka. Kwa hiyo shamba lilelile asubuhi lina ukubwa huu na mchana ukubwa mwingine, na katikati ya tofauti hiyo mpimaji anapata chake. Katika miaka ya 1570 Akbar akaagiza kipimo cha vipande vya mianzi vilivyounganishwa kwa pete za chuma. Hakinywei.

Waziri wake wa mapato, Todar Mal, Mhindu aliyekuwa ametumikia utawala wa Sher Shah, yuleyule aliyemfukuza baba yake Akbar, alikusanya takwimu za mavuno na bei za miaka kumi, akapiga wastani, na tangu 1580 mkulima akajua mapema anadaiwa fedha kiasi gani, kama theluthi moja ya mavuno. Kumwacha karani wa adui aendelee na daftari lake: kuna hekima humo kuliko katika mapigano yote ya Panipat.

Waosmani nao walikuwa na madaftari mazuri sana. Waliandika kaya kwa kaya, kisha wakawagawia wapanda farasi mapato ya vijiji, timar, ili wajitegemee na waje vitani na farasi wao. Mfumo ukafanya kazi hadi bunduki zilipohitaji askari wengi wa miguu wanaolipwa fedha taslimu. Hapo serikali ikaanza kuuza haki ya kukusanya kodi kwa wenye fedha. Inatosha.

Dini: usiniletee malaika na shetani

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi anaandika: Akbar mvumilivu, kitukuu chake Aurangzeb mkali, dola ikaanguka. Kuna ukweli ndani yake. Akbar alifuta kodi ya mahujaji wa Kihindu mwaka 1563, akafuta jizya, kodi ya wasio Waislamu, 1564, na kuanzia 1575 akaketi Fatehpur Sikri akisikiliza masheikh, wabrahmin, Wajaini na hata mapadri wa Kijesuiti wakibishana. Kila alfajiri alijitokeza dirishani, umma ukamwona, na wako waliokuwa hawatii kitu kinywani kabla hawajauona uso wake. Aurangzeb alifuta desturi ya dirisha na mwaka 1679 akairudisha jizya.

Lakini katika enzi ya Aurangzeb huyohuyo idadi ya Wahindu miongoni mwa maofisa wa vyeo vya juu iliongezeka, hasa kwa sababu alipokuwa akipigana Dekani, kusini mwa Hindi, aliwanunua kwa vyeo makamanda wa Kimaratha, Wahindu wa huko. Huyo ni mtawala anayefanya hesabu mbili kwa wakati mmoja, na insha inayoziona zote mbili inasomeka vizuri kuliko ile ya malaika na shetani.

Waosmani walikuwa na mtaji ambao Wamughal hawakuwa nao. Selim wa Kwanza aliwapiga Wamamluki, watawala wa Misri, akaingia Kairo 1517, na kwa ushindi huo Makka na Madina zikawa chini yake. Kuitwa mtumishi wa Haramu Mbili kulimpa sultani neno la kusema mbele ya kila Mwislamu, hata asiyemtawala. Upande wa Wakristo, Mehmed alimsimika Gennadios kuwa patriaki mapema 1454, akamwachia mambo ya ndoa, mirathi na makanisa ya watu wake. Kanisa likawa na sababu ya kuitakia dola uzima. Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 walipokelewa. Washia wa Anatolia, ambao macho yao yalielekea kwa shah wa Uajemi, hawakuonja upole huo: Selim aliwaandama bila huruma. Mtu wa dini tofauti alivumilika. Aliyeshukiwa kuwa na mfalme mwingine hakuvumilika.

Mtoto anayengoja

Nilipofika hapa mpwa wangu alinyamaza kwenye simu kwa muda.

Sheria iliyoandikwa chini ya jina la Mehmed wa Pili inasema kwamba mwana atakayepata usultani inafaa awaue ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa ulimwengu, na kwamba maulamaa wengi wameridhia. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipokalia kiti, ndugu zake 19 walinyongwa, na majeneza yao yakatoka kasri la Topkapi kufuata la baba yao, mengine madogo sana. Watu wa Istanbul walilia barabarani. Mwaka 1603 aliyefuata, Ahmed wa Kwanza, alikuwa na miaka 13 na hana mtoto bado. Kumwua ndugu yake Mustafa kungekuwa kucheza kamari na ukoo mzima. Akamwacha hai. Tangu hapo wana wa kifalme wakafungiwa ndani ya kasri, kwenye vyumba walivyoviita kafesi, yaani tundu, na mkubwa wa umri akawa ndiye anayerithi. Damu ilipungua. Lakini ulipata sultani ambaye hajawahi kuongoza hata wilaya. Ibrahim, mwaka 1640, alipobishiwa hodi aambiwe kiti ni chake, hakufungua. Alidhani ni mtego. Alikubali tu baada ya kuonyeshwa maiti ya kaka yake.

Wamughal hawakuwa na sheria ya kuua wala ya kumpa mkubwa. Wana walipewa majimbo na majeshi, wakajifunza kazi, kisha wakapigana. Walikuwa na msemo: takht ya takhta, kiti cha enzi au jeneza. Unalikumbuka lile dirisha la alfajiri? Septemba 1657 Shah Jahan, baba yake Aurangzeb, aliugua, siku zikapita hajaonekana dirishani. Uvumi ukapita masokoni kwamba amekufa. Kabla hajapona, wanawe wanne walikuwa wameshaanza kukusanya majeshi. Aurangzeb alimshinda Dara Shikoh huko Samugarh mwaka 1658, akamfunga baba yao katika ngome ya Agra hadi alipofariki 1666, na Dara akauawa 1659. Dirisha tupu la siku chache lilifanya kile ambacho adui wa nje hakuweza.

Nikiulizwa ni njia ipi iliyokuwa bora kwa dola, si kwa watoto, nasema ya Mughal ilileta watawala hodari mmoja baada ya mwingine kwa gharama kubwa mno, na ya Kiosmani baada ya 1603 ilileta watawala dhaifu ila dola ikadumu, kwa sababu mawaziri na mama wa masultani waliibeba. Ndiyo maana moja ilifika karne ya 20 na nyingine, baada ya Aurangzeb kufariki 1707, ilichukua miaka 32 tu Nadir Shah wa Uajemi kuingia Delhi na kuondoka na kiti cha tausi, kile cha enzi cha Wamughal. Hapa unaweza kubishana nami. Ubishani ndio unaotafutwa.

Kwa nini si Wachina

Nasaba ya Qing ni chaguo zuri kwa mwenye muda. Wamanchu walioingia Beijing 1644 walikuwa wachache mno mbele ya Wahan, Wachina wenyewe, na mwaka 1645 wakaamuru wanaume wote wanyoe mbele na kusuka mkia nyuma. Watu walisema: ukibaki na nywele hubaki na kichwa. Utii uliweza kukaguliwa barabarani kwa kutazama tu. Wakati huohuo wakaendeleza mitihani ya Kikonfusio na kuweka wakuu wawili, Mmanchu na Mhan, katika kila wizara. Kuhusu mrithi walikuja na jibu ambalo wengine wote walilikosa: mfalme Yongzheng aliandika jina la mwana aliyemchagua, akalificha kwenye kisanduku nyuma ya kibao kilichotundikwa juu ya kiti cha enzi, hakuna anayejua ni nani. Wana wote wakawa na sababu ya kuwa na adabu. Lakini kuifahamu mitihani ile na vikosi vya bendera nane vya Kimanchu kunahitaji kurasa ambazo insha ya shule haina. Itumie kama dola ya kulinganishia, kwa aya moja, hiyo ya kisanduku.

Kama unataka kuingiza kwetu

Mpwa wangu aliuliza kama kuna namna ya kuitaja pwani bila kulazimisha. Ipo, kwa dola zote mbili. Mwaka 1585 nahodha Mosmani Mir Ali Bey alifika huku, na miji kadhaa iliyochoshwa na Wareno ikampokea. Alirudi miaka mitatu baadaye na merikebu chache, akajiimarisha Mombasa, na 1589 kundi la merikebu za Wareno kutoka Goa likamnasa hapo hapo, Wazimba nao, wapiganaji waliotoka bara, wakiwa wamejaa upande wa pili. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Hiyo ni aya nzuri juu ya mpaka wa nguvu ya Istanbul.

Ila ya Mughal ni tamu zaidi. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utotoni, akapita mikono ya Waarabu hadi Dekani, na huko mtumwa huyo akapanda hadi kuwa ndiye anayeishika dola ya Ahmadnagar. Aliwasumbua Wamughal kwa vita vya kuvizia hadi alipofariki 1626, hawajamweza. Jahangir, mwana wa Akbar, alichorwa picha akiwa amesimama juu ya tufe la dunia, upinde mkononi, akikipiga mshale kichwa cha Malik Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Kichwa hicho hakukipata popote isipokuwa kwenye karatasi. Ukitaka kuonyesha mwalimu namna mtawala anavyotumia sanaa kudai nguvu asiyokuwa nayo, sijui mfano unaoishinda picha hiyo.

Kwa hiyo, kama una siku tatu na unataka kisa kinachokwenda moja kwa moja, Waosmani watakufaa, mradi usiishie kwenye devshirme bali ufike kwenye lile sufuria la supu. Kama una wiki mbili na huogopi hoja yenye pande mbili, Wamughal, na Waosmani wawe wa kulinganishia kwenye sehemu ya mtumishi na mtoto. Mimi ningechukua Wamughal hata kwa siku tatu, lakini mimi ni mzee mstaafu, sina alama za kupoteza.

Jumapili usiku simu ikalia tena, ujumbe mfupi: "Mjomba nimechukua Wamughal. Ila sianzi na Panipat, naanza na ile kamba."